Valizi ya Fidèle na Zile Herufi Tatu

Ile karatasi wanayoizungusha uwanja wa ndege kwenye mkono wa valizi ina gundi yenye harufu yake. Ukiibandua ikiwa bado mpya, harufu inakaa vidoleni hata ukinawa kwa sabuni. Mimi naijua vizuri, maana kazi yangu ni ya kusafiri, na kila ninaporudi nyumbani Gisenyi, gari likishafika Kanama namwomba dereva asimame pembeni. Nashuka, nafungua buti, nabandua ile etiketi ya ndege, naikunja na kuitia mfukoni. Madereva huniangalia kwenye kioo. Mmoja aliniuliza kama nakimbia polisi. Nikamwambia hapana, namheshimu tu shangazi yangu.

Nitakueleza, lakini nikuonye mapema: mimi ni mtu wa kisasi. Wapo wanaosamehe wakalala usingizi mzuri, na Mungu awazidishie. Mimi usingizi mzuri kuliko wote nililala siku nilipolipiza, nikiwa msichana wa miaka tisa, na tangu hapo sijapata kulala vile tena.

Shangazi yangu, dada mdogo wa baba, tulimwita Tantine Goretti. Aliishi nasi Mbugangari, karibu na Petite Barrière, ule mpaka mdogo ambapo kuanzia alfajiri unasikia miguu ya watu wanaovuka kwenda Goma, upande wa Kongo, na nyanya, maziwa, mkaa na maneno. Familia yetu ilikuwa imerudi kutoka upande ule wa pili, Masisi. Kwa hiyo nyumbani tulisali na kugombezwa kwa Kinyarwanda, ila tulitaniana kwa Kiswahili cha Goma. Tantine alifanya kazi kwenye ajensi ya kukatisha tikiti za ndege, mjini, jirani na soko. Alivaa viatu virefu juu ya mawe yetu meusi bila kuteguka, akapaka rangi ya mdomo hata siku ya kufua. Mtaani walimwonea wivu, na yeye alijua, na alitembea taratibu ili wamwonee vizuri.

Alikuwa na mchumba. Jina lake lilikuwa Fidèle, jina ambalo kwa Kifaransa maana yake ni mwaminifu. Wazazi humpa mtoto matumaini yao, mtoto akafanya anavyotaka. Fidèle alikuwa na meno meupe na kicheko kilichotangulia kuingia nyumbani kabla yake. Aliniletea biskuti, akanibeba mabegani hadi ziwani, akaniita mukubwa. Nilimpenda, ndugu yangu. Ukitaka kujua kwa nini nilimchukia sana, anzia hapo.

Siku ya kumwomba binti, kwa desturi yetu, familia ya kijana huja na wazee wake na msemaji wake, wakaketi upande mmoja, na familia ya binti ikaketi upande wa pili, wakitazamana. Wasemaji hao wawili hushindana kwa maneno: huyu anaomba, yule anakataa kwa utani, anatafuta kasoro, anadai binti ameshaolewa, anauliza ng'ombe wa kuposea mbona wamekonda, mpaka watu wanashika mbavu na kazi inakwisha kwa vinywaji. Sisi tulijiandaa. Baba alikodi turubai na viti. Nyogokuru, yaani bibi yetu, alisimamia pombe ya ndizi mwenyewe, na hakuna aliyeruhusiwa kuinusa kabla ya siku. Tantine alivaa umushanana wa rangi ya zambarau, vazi letu la sherehe, kitambaa kimoja kimepita begani, shanga shingoni, akakaa chumbani akisubiri kuitwa.

Hakuitwa. Upande wa pili viti vilikaa vitupu. Mchana ulipita, jua likageukia ziwani, kivuli cha turubai kikatembea juu ya vile viti, na hakuna aliyekuja kukalia hata kimoja. Kuelekea jioni alifika kijana mmoja na ujumbe wa mdomo: Fidèle amepata safari ya Ulaya, ya ghafla, amekwenda Bruxelles, msimsubiri. Majirani wakanywa pombe kwa sababu pombe haikai. Nilikwenda chumbani nikamkuta Tantine amesimama, hajalia, anajivua shanga polepole akiziweka mezani bila kelele. Siku ile nilimuapia Fidèle moyoni, kwa kiapo cha mtoto, ambacho ni kiapo kibaya sana kwa sababu mtoto hana shughuli nyingine ya kumsahaulisha.

Wanawake wa mpakani hawakuchelewa kutunga maneno. "Goretti anakatisha wengine tikiti, yake imekosekana." Walisema kijana ameona mbali, ameona dunia kubwa, na kwamba msichana wa kukaa nyuma ya meza si wa kiwango cha Ulaya. Wachumba wengine waliotaka kuja wakasita, wakisema labda ana kasoro ambayo Fidèle aliiona. Hapo ndipo ubaya wa jambo lile ulipokuwa: aibu aliifanya Fidèle, akaivaa shangazi yangu. Nyogokuru alikuwa na neno moja tu, alilisema akichambua maharage: "Njia ya mwongo ni fupi." Mimi niliitazama ile njia kila siku, na kwangu ilikuwa ndefu mno.

Tangu juma lile Tantine akaanza kunichukua ajensi baada ya shule. Ofisi ilinukia karatasi, vumbi la feni na marashi yake. Ukutani palikuwa na ramani ya dunia iliyopauka upande wa jua. Nilikaa kwenye kiti kidogo nyuma ya meza, na wateja walipopungua alinifundisha herufi za viwanja vya ndege. Kila uwanja duniani una herufi zake tatu, alisema, na kila kampuni ya ndege ina alama yake ya herufi mbili, zile zinazotangulia namba ya safari. Ndege hazina muda wa kusoma majina marefu. Kosa herufi moja tu, na mama wa watu anangoja mzigo wake Nairobi wakati mzigo unazunguka peke yake nchi nyingine.

Nilidhani ataanza na Kigali. La. Siku ya kwanza kabisa alichukua kalamu nyekundu akaandika BUX, akanigeuzia karatasi. "Hii ni Bunia," akasema. "Rudilia." Nikarudia. Bunia sikuijua, nilijua tu kwamba iko Kongo, mbali kaskazini. Akaitazama ile karatasi, kisha akaichana vipandevipande na kuitupa. Baadaye ndipo zikaja nyingine: KGL ya Kigali, GOM ya Goma, EBB ya Entebbe, NBO ya Nairobi, BJM ya Bujumbura. Kinshasa ilinikasirisha, maana ni FIH, na hapo hamna hata ile K ya kuanzia. Nikasema wamekosea. Tantine akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya viti. "Batu ya ndege habakukuuliza," akasema. "We shika tu vile iko."

Nilishika. Hata Gisenyi yetu nilikuta ina herufi zake, GYI, ingawa katika utoto wangu wote sikumwona abiria akishuka kwenye kile kiwanja chetu cha nyasi. Nilijivunia GYI kuliko jina langu. Usiku kabla ya kulala Tantine aliniuliza kutoka kitanda chake, Addis, nami nikajibu ADD. Bruxelles, nami nikajibu BRU kwa kuuma meno. Ndege zikishuka kuelekea Goma, mlio wake ukitikisa mabati yetu, nilizipigia mahesabu ya zilikotoka, na kila moja nilitamani iwe imembeba Fidèle, ianguke ziwani karibu na ufuko ili tuone vizuri. Nyogokuru aliponisikia nikisema hivyo alinifinya sikio. Nikaendelea kutamani kimya kimya.

Baada ya zaidi ya mwaka, akarudi. Alitokea Petite Barrière kwa miguu, saa ya watu wengi, amevaa miwani myeusi na koti ambalo jua letu halikulihitaji. Nyuma yake mbeba mizigo alikuwa na valizi kubwa ya bluu kichwani. Kwenye mkono wa valizi ile ilining'inia etiketi nyeupe ya ndege, ndefu, ikipepea. Aliwaambia watu kwamba ametoka Bruxelles, ameshukia Goma kwa kuwa ni karibu na nyumbani. Wangapi kati yetu tulijua ni ndege gani inashuka wapi? Watoto walimfuata wakiimba. Mbeba mizigo aliambiwa apite njia ndefu, na njia ndefu hupita mbele ya ajensi.

Nilikuwepo. Tantine alisimama mlangoni, mikono kifuani. Fidèle hakumsalimu, alitazama mbele kama mtu anayepigwa picha. Valizi ilipita karibu kiasi kwamba ungeweza kuinyooshea mkono. Tantine aliitazama ile etiketi mpaka ikapotea kwenye kona ya soko. Nilitegemea alie, au amtukane, na mimi nilikuwa tayari na jiwe. Yeye aligeuka akaniambia nitupe jiwe chini, ninachafua ofisi.

Lazima ujue kwamba mjini kwetu siku zile, mtu akipanda ndege hakutoa etiketi kwenye valizi. Iliachwa. Valizi iliwekwa sebuleni juu ya kabati, karatasi imegeuzwa upande wa wageni, na vumbi lilifutwa kuizunguka kwa uangalifu. Nyumba ya mama yake Fidèle ilifanya hivyo kwa majuma kadhaa. Watu walikuja kunywa Fanta chini ya BRU. Wengine waliigusa. Na haukupita muda tukasikia kwamba anaoa: anamchukua Claudine, binti wa mzee mmoja mwenye mashamba ya viazi Kanama, na baada ya ndoa wanakwenda wote Ulaya. Mzee alikuwa amemkatalia binti yule vijana wengi. Kwa Bruxelles alilegea.

Siku chache baada ya habari hiyo, Tantine aliweka mbele yangu etiketi mbili za ndege, kuukuu, alizopewa na wateja. Akanionyesha zinavyosomwa. Hapa ni namba ya safari, na alama ya kampuni mbele yake. Hapa chini, kwa herufi ndogo, ni jina la abiria, na wanawake huandikiwa MRS ili ijulikane. Kisha akaweka kidole chake chenye rangi nyekundu juu ya zile herufi tatu kubwa kuliko zote. Nikasema, hapo ni mahali ilipotoka. Akatikisa kichwa.

"Hapana. Kila mutu anadanganyikaka hapo. Ile kubwa ni kule inaenda. Mubebaji wa uwanjani iko na haraka, anataka ajue tu ataipakia wapi." Akanifanya nirudie mpaka akaridhika, kisha akasema maneno niliyoyakumbuka baadaye maishani mwangu mara nyingi: "Valizi habaiulize inatoka wapi. Banaiuliza inaenda wapi."

Mwaliko wa Kanama ulikuja hata nyumbani kwetu, na huo peke yake ulikuwa tusi. Baba alisema hatuendi. Nyogokuru akasema tutakwenda, tena tutavaa, kwani tusipoonekana watasema tumeumia. Tantine alisema kichwa kinamuuma. Lakini asubuhi ile alinisuka nywele mwenyewe, akanivisha gauni la Pasaka, akanipaka mafuta mpaka magoti yakang'aa. "Ukae mbele na batoto, uone muzuri," akaniambia akinifunga kamba za viatu. "Na kama mukubwa anauliza kitu unajua, unyooshe mukono. Usiogope batu." Akatupandisha kwenye gari, mimi na Nyogokuru, akabaki amesimama barabarani na kile kichwa chake kinachouma, amepaka rangi ya mdomo.

Turubai lilikuwa juu ya kilima, chini yetu maua meupe ya viazi yamejaa hadi bondeni. Harufu ya ardhi mbichi ilichanganyika na ya nyama. Familia ya Fidèle ilifika kwa msururu, wanaume wameshika fimbo, na viti vya upande wao vyote vikajaa. Nilivitazama vile viti vilivyojaa, kimoja baada ya kingine.

Msemaji wa upande wa binti alikuwa mzee Gatera, mwalimu mstaafu, mtu wa tumbo kubwa na ulimi mwepesi. Walisema Kinyarwanda cha heshima, nami nakupa kwa Kiswahili. Alikataa vizuri mno. Alidai binti yuko masomoni, alidai ng'ombe wao hawajui kupanda vilima. Watu walicheka mpaka Nyogokuru naye akasahau akacheka, kisha akakumbuka akaacha. Upande wa kijana wakaona wapige pigo lao la kumaliza mchezo. Kwa kawaida, valizi ya zawadi za bibi harusi huletwa mwishoni, mambo yakishakubaliwa. Wao hawakuweza kungoja. Msemaji wao alipiga kofi moja, na ile valizi ya bluu ikaletwa kichwani, ikawekwa katikati kwenye mkeka, etiketi ikiwa bado mkononi.

"Mnatuuliza sisi ni watu gani," akasema kwa majivuno. "Ulizeni mzigo wetu. Someni wenyewe umetoka wapi!"

Mzee Gatera, kwa vile alikuwa mwalimu, hakuweza kuona kitu cha kusomwa bila kutafuta mwanafunzi. Akatugeukia watoto kwenye mkeka. "Nani amekwenda shule hapa? Nani atatusomea?"

Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Aliniita. Nilitembea hadi kwenye valizi, miguu yangu ikiwa myepesi kwa namna ya ajabu, nikaishika ile karatasi. Ilikuwa imesuguka, lakini herufi zilikuwa kubwa, nyeusi, haziwezi kufichika. Nikasoma kwa sauti ya darasani: "BRU. Ni Bruxelles."

Upande wao wakapiga vigelegele. Fidèle akavua miwani, akanitambua, na akanitabasamia kwa yale meno yake. Nadhani alifikiri ni kwa sababu ya biskuti. Mzee Gatera akasema vema, mtoto mzuri, rudi ukae. Ningerudi, mambo yangekwisha, wangeoana. Lakini hapo wazo likanijia, na nilikuwa na hakika ni langu peke yangu.

"Lakini mzee," nikasema, "hii haitoki Bruxelles. Inakwenda Bruxelles."

Kicheko kilitoka huku na kule, cha watu wazima wanaomhurumia mtoto. Msemaji wa kijana akasema mtoto amechoka, apewe Fanta. Mimi sikutaka Fanta. Nilisema kwamba herufi kubwa ni za mahali mzigo unapokwenda. Kama ungekuwa umetoka Bruxelles na kuja kwetu, ungeandikwa KGL. Na kama alishukia Goma, alivyowaambia watu, ungeandikwa GOM. Valizi iliyoandikwa BRU ilikuwa inakwenda kule. Nani basi aliyekwenda nayo?

Pale mbele alikuwa amekaa mjomba wa Claudine, mtu aliyewahi kufanya kazi nchi za nje, ambaye mpaka wakati ule alikuwa akisinzia. Alisimama, akavaa miwani yake ya kusomea, akaja akachuchumaa kando yangu. Alinukia tumbaku. Aligeuza ile karatasi, akaisoma kwa muda mrefu, kisha akasema polepole, "Mtoto anasema kweli. Mimi nikija nyumbani, yangu huandikwa KGL." Akaendelea kusoma. "Tena jina la abiria lililopo hapa ni la mwanamke. Kuna MRS."

Mzee Gatera alikuwa mtu wa utani hata motoni. Akamgeukia Fidèle. "Bwana harusi, kumbe kule Ulaya ulikuwa Madamu?"

Kilima chote kilicheka. Nimesikia vicheko vingi maishani, na hakuna kilichowahi kuniingia hadi kwenye mifupa namna ile. Mimi sikucheka. Nilimtazama Fidèle tu, nikamwona akitafuta miwani yake mapajani ili aivae. Baba wa Claudine hakucheka pia. Alisema kwa upole, basi kijana atuonyeshe paspoti, yaishe. Fidèle akasema iko nyumbani kwa mama. Mama yake, kwa kutaka kumsaidia, akasema wakati huo huo kwamba iko ubalozini Kigali. Wakatazamana. Tulisikia kuku wakipekua nyuma ya nyumba.

Mambo yalifunguka pale pale, maana uongo ukishatoboka hauzibiki. Alipobanwa, Fidèle alikiri: valizi aliinunua soko la mitumba Goma, na etiketi yake juu. Kuna mama wa watu aliondoka nayo kwenda Bruxelles, ikazeeka huko, ikatolewa, ikarudi Afrika melini ndani ya marobota ya nguo. Valizi ilikuwa imefika Ulaya kweli. Fidèle hakuwa amefika. Mwaka ule wote alikuwa Kongo, akiuza dukani kwa rafiki yake, na alikuwa na nia ya kumchukua Claudine na viazi vya baba yake, na mambo ya Bruxelles yangejitatua yenyewe baadaye.

Baba wa Claudine alisimama. Kwetu mtu mzima hamfukuzi mgeni. Alisema, "Tumekunywa, tumefurahi. Ng'ombe mliowataja wana njia ndefu. Msiwacheleweshe." Wakaondoka, na valizi yao kichwani, na mbeba mizigo safari hii alipita njia fupi. Viti vya upande wao vikabaki vitupu, safu nzima. Nilikwenda nikavikalia kimoja kimoja, kwa raha zangu, mpaka Nyogokuru akaniita twende. Garini hakunigombeza. Alinishika mkono, akasema lile neno lake la njia ya mwongo, akaongeza kwamba hii ilikuwa imekatwa fupi zaidi.

Jina lilimganda. Hadi leo Fidèle, ambaye ana kibanda chake karibu na soko na mvi zake za haki, wanamwita Bruxelles. Ndege ikipita kuelekea Goma, watoto wasiojua hata chanzo cha jambo humwuliza kama amesahau kitu ndani. Nikipita pale hununua maji kwake ambayo siyahitaji, nikamshukuru kwa jina hilo. Ndiyo, mpaka leo. Nilikuonya.

Na aibu ilirudi kwa mwenyewe. Wale wale wa mpakani waligeuza wimbo, wakasema Goretti aliponea chupuchupu. Baadaye aliolewa na mtu mkimya ambaye hajawahi kutaka kwenda popote. Claudine, kila mavuno, humletea gunia la viazi kutoka Kanama, hulishusha mlangoni, wakasalimiana kwa mashavu, na hakuna anayetaja chochote.

Mimi nililibeba tendo lile kama langu. Nilikua nalo. Nilipokuwa nadharauliwa mahali, nilijikumbusha: mimi ndiye yule aliyesimama Kanama. Ndipo miaka mingi baadaye, nimerudi kutoka safari yangu ya kwanza ya ndege, nikaingia kwa Tantine na valizi ina etiketi yake. Alinitazama, akanyoosha mkono, akaibandua mwenyewe kwa kucha zake nyekundu. Harufu ya gundi ikajaa katikati yetu. Tulikunywa chai, nikaanza kumsimulia, kwa kujisifu kidogo, jinsi nilivyobadilisha ndege, na nikataja kwamba kwenye ubao wa safari niliona BUX, herufi zangu za kwanza, nikacheka peke yangu.

Tantine hakucheka. "We hujajiuliza kwa nini nilianza na ile?"

Nikasema sijajiuliza.

Ndipo akaniambia. Juma lile la viti vitupu, mwenzake wa ajensi ya Goma alikuja kumpa pole, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba jina la Fidèle alikuwa amelikatia tikiti mwenyewe, ya kwenda tu bila kurudi. GOM kwenda BUX, Goma kwenda Bunia. Shangazi yangu alijua tangu mwanzo. Alijua wakati wanawake wanaimba, alijua wakati valizi inapita mbele ya mlango wake, alijua wakati watu wanakunywa Fanta chini ya ile valizi nyumbani kwa mama yake Fidèle.

Nilimwuliza, nikiwa nimeghadhibika kwa niaba yake, kwa nini hakusema. Alikoroga chai yake, ambayo haikuwa na sukari.

"Ningesema, nani angenisikia? Mwanamuke mwenye aliachwa akisema mwanaume ni muongo, banasema iko na wivu. Mutoto akisema, banasema iko na akili."

"Kwa hiyo ulinituma wewe?"

"Mi? Mi sikukutuma. Mi nilikufundisha kusoma." Kisha, kwa kuwa alikuwa mkweli na mwenye chuki safi isiyofichwa, akaongeza: "Na usifikiri nilifanya juu ya Claudine. Nilifanya juu ya bile biti bitupu, bya siku ile."

Sikukasirika. Nilijivuna mpaka nikaona haya. Nilikumbuka asubuhi ile ya nywele kusukwa, magoti kupakwa mafuta, ukae mbele, unyooshe mukono, usiogope batu. Nilikumbuka kidole chake juu ya zile herufi kubwa, tena na tena, mpaka nikazijua bila kufikiri. Nilikuwa nimeamini miaka yote kwamba nilisimama kwa wazo langu mwenyewe. Kumbe Tantine alinifunga herufi zake taratibu, kama etiketi kwenye valizi, akanipandisha gari la kwenda Kanama, akabaki barabarani ameshika kichwa chake. Na kule kilimani, katikati ya wazee wote wale, na wasemaji, na watu walioona dunia, hakuna hata mmoja aliyeuliza mimi nimetoka wapi.